Nzi mmoja, au labda watatu

Swali la wiki hii lilihusu nzi wa bandia, yaani ndoana zinazofungiwa manyoya na uzi zifanane na wadudu, za kuvulia samaki. Liliuliza: "Je, kufunga nzi wako mwenyewe kunaokoa pesa kuliko kununua waliokwisha kufungwa?" Jibu ni fupi: hapana. Jumlisha jiliwa (kibanio cha kushika ndoana), mkasi, bobini ya uzi, vanishi, ngozi ya shingo ya jogoo, ndoana za kila namba, na mafungu ya manyoya yatakayolala kwenye droo mpaka yaliwe na nondo. Hakuna nzi wa kutosha kulipa hesabu hiyo. (Tukiwa kwenye nondo: ngozi mpya ifungwe ndani ya mfuko usioingiza hewa, ikae kwenye friza siku kadhaa kabla ya kuchanganywa na nyingine. Ngozi moja yenye mayai inatosha kumaliza droo nzima.)

Kinachokera katika swali ni dhana iliyojificha ndani yake, kwamba mtu hukaa kwenye jiliwa ili apate nzi. Nzi wapo madukani. Lililofaa kuulizwa ni kwa nini watu wengi hununua vifaa vyote, wakafunga kila nzi waliyemwona pichani, halafu baada ya miezi michache jiliwa likafunikwa kitambaa lisiguswe tena.

Nadhani wanaoacha ni wale wanaofunga kila kitu. Leo nzi mkavu wa kuelea, kesho nzi wa kuvulia samaki aina ya samoni, mwenye mabawa ya rangi saba, keshokutwa chura wa nywele za paa. Kila mmoja anadai malighafi yake na mkono wake, na hakuna anayerudiwa mara za kutosha hadi vidole vizoee. Basi mtu achague nzi mmoja abaki naye.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon kule Wiltshire, Uingereza, na tunutu wake wa mkia wa fezanti (tunutu ni mdudu wa majini ambaye bado hajaota mabawa; fezanti ni ndege wa jamii ya kwale mwenye mkia mrefu). Wengi wanamtaja, ila nzi wanayemfunga si wake: wanaongeza uzi, miguu, ushanga wa kung'aa. Wa Sawyer ana vitu viwili tu, waya mwembamba wa shaba nyekundu unaozidi unywele kidogo, na nyuzi nne za unyoya wa mkia wa fezanti dume. Uzi wa kufungia haumo kabisa.

Chukua ndoana namba 14 (namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo). Zungusha waya kutoka nyuma ya tundu la ndoana, pale mstari wa kuvulia unapofungwa, hadi mpindo unapoanza, kisha urudi mbele ujenge nundu mahali pa kifua, halafu urudi tena kwenye mpindo. Hapo funga nyuzi nne kwa ncha zake, ncha zichomoze milimita tatu hivi ziwe mkia. Sasa sokota nyuzi pamoja na waya ziwe kamba moja, uizungushe mpaka nyuma ya tundu. Tenganisha waya na nyuzi. Nyuzi zilaze nyuma juu ya kifua, uzibane kwa waya, zirudishe mbele, bana, kisha nyuma tena kama urefu unaruhusu. Hiyo ndiyo ala ya mabawa, ule uvimbe wa kifuani ambamo mabawa ya mdudu hukua. Malizia kwa vitanzi vitatu vya waya, ukate.

Maelezo ni mafupi, kazi inasumbua. Ukisokota sana, waya unazikata nyuzi; ukisokota kidogo, tumbo linakuwa na mapengo. Msokoto hulegea kila baada ya mizunguko michache, kwa hiyo usimame, usokote upya, uendelee. Waya ukijikunja kitanzi kidogo na ukauvuta hivyohivyo, utakatikia hapohapo. Ufungue kitanzi kwa kucha kwanza. Kosa kubwa la wanaoanza ni kusogea mbele mno: tundu linazibwa, na mstari wa kuvulia haupiti. Acha nafasi wazi yenye urefu wa tundu lenyewe, na usiile mpaka mwisho.

Kila kilichomo kina sababu yake. Waya unaosokotwa pamoja na nyuzi unazilinda na meno ya samaki aina ya trauti. Nyuzi za fezanti zikiwa peke yake hukatika baada ya samaki mmoja au wawili. Nundu ya shaba huweka uzito kifuani, nzi akazama upesi, na mvuvi akiinua ncha ya ufito, nzi naye hupanda kama mdudu anayekwenda juu kuvua gamba lake. Miguu haipo kwa sababu Sawyer aliwatazama tunutu wa aina hiyo wakiogelea na kuona kwamba huibana mwilini. Oliver Kite, aliyejifunza kwake, alikwenda mbali zaidi: alivua kwa ndoana yenye nundu ya waya tu, bila unyoya hata mmoja, na samaki walimchukua.

Ipo pia sufu ya Sawyer. Kwa nzi wake mwingine, aliyekusudiwa hasa samaki aitwaye grelingi, Sawyer alitumia sufu ya kushonea soksi zilizotoboka, Chadwick's namba 477, rangi ya kijivu yenye wekundu wa mbali unaojitokeza ikilowa. Kiwanda kilipoacha kuitengeneza, watu walianza kutafuta kadi za zamani zilizozungushiwa sufu hiyo kama watafutao dhahabu, na wapo waliojichimbia humo kabisa, wakilowesha vipande vya sufu nyingine na kuvilinganisha dirishani. Ukimwuliza mmoja wao kama hilo linaokoa pesa, atakucheka.

Hapa ndipo hoja yangu inaponigeuka. Sawyer hakuchagua nzi mmoja akabaki naye. Alikuwa mlinzi wa mto. Alikesha akitazama maji, na nzi wake akapungua kadiri alivyoona kipi hakihitajiki. Na wale wa sufu hawakuanzia kwenye sufu. Nikimwambia anayeanza leo ang'ang'anie waya na fezanti, huenda nimemfungia nje ya kazi ambayo mikono yake ingeipenda zaidi.

Maana wengine raha yao ni nywele za paa. Kazi hiyo haina uhusiano na ya waya: unakata fungu la unene wa penseli, unachana sufu yote ya chini (ikibaki, nywele hazifunguki), unazungusha uzi imara mara mbili kwa ulegevu, kisha unavuta moja kwa moja, na nywele zinalipuka pande zote. Ziwe nywele za mwilini, zenye uwazi ndani. Za miguuni hazina uwazi wa kutosha na hulala tu. Mtu asiyevumilia waya anaweza kukaa saa nyingi akinyoa mpira huo wa nywele kwa wembe. Na mwingine atatulia kwenye unyoya laini wa kwale, unaozungushwa kwenye ndoana mara moja au mbili, basi.

Kwa hiyo nasema watatu: tunutu wa waya, nzi mmoja wa nywele, na mmoja wa unyoya laini. Kila mmoja arudiwe angalau mara kumi na mbili mfululizo, wapangwe kwenye kadi, halafu mfungaji aone ni kadi ipi aliyokuwa akiirudia bila kulazimishwa. Abaki na huyo. Ushauri huu haumfai anayefunga ili avue Jumamosi hii. Huyo afunge anachokula samaki wa kwake, hata kikimchosha. Wala haumfai anayependa nzi wa samoni wa zamani kwa ajili ya fremu ukutani, kwa sababu hao hawana njia ya mkato na malighafi yao nyingine inalindwa na sheria, kwa hiyo atalazimika kujifunza manyoya ya badala yaliyotiwa rangi. Na wote waanze na ndoana kubwa, namba 10, hata kwa tunutu wa waya niliyemwekea namba 14 hapo juu. Namba 18 huficha kosa mpaka limekauka chini ya vanishi.