Unajifunza Kihispania? Anzia kwenye Kiswahili, usizunguke kwa Kiingereza

Swali linalorudi kila mara ni hili: lini niseme "viene" (anakuja) na lini niseme "venga" (aje)? Anayeuliza huwa ameshapitia kurasa nyingi za kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiingereza, lugha iliyobakiza masalia tu ya subjuntivo, yaani umbo la kitenzi kama "venga", ambalo kwetu ni lile la -e: aje, ujue. Wewe unalitumia tangu utotoni. Nataka kuja: quiero venir. Nataka uje: quiero que vengas. Mtendaji akiwa mmoja, kitenzi cha pili hubaki na -r yake kama chetu kinavyobaki na ku-. Wakiwa wawili, irabu inageuka. Na kwa "ili" ni vivyo hivyo: nakuambia ili ujue, te lo digo para que lo sepas.

Kuunda subjuntivo si kazi. Chukua umbo la "mimi" la wakati uliopo, toa -o, kisha weka e kwa vitenzi vya -ar (hablo, hable) na a kwa vya -er na -ir (como, coma, tengo, tenga). Vinavyokataa ni sita, vile ambavyo umbo lake la "mimi" haliishii na -o: soy, estoy, voy, he, sé, doy. Hivyo vikariri: sea, esté, vaya, haya, sepa, dé.

Kiswahili hakikufikishi hadi mwisho, lakini. "Sidhani kama atakuja" haina -e, ila Kihispania kinadai no creo que venga. "Ukifika, nipigie" ni cuando llegues, llámame; wengi huandika llegarás hapo, na ni kosa.

Ile "a" inayowekwa mbele ya mtu, nayo, inawatesa watu bure. Naona nyumba: veo la casa. Namwona Juan: veo a Juan. Busco un médico ni natafuta daktari, yeyote yule. Busco a un médico ni namtafuta daktari fulani ninayemfahamu. Ukisikia -m- kichwani, weka a. Hata le di el libro a María, ambayo walimu huieleza kwa kuomba radhi kwamba "le" inajirudia, ni nilimpa Maria kitabu. Hakuna anayemwomba radhi Mswahili kwa "nilimpa".

Ser na estar, vitenzi viwili vya "kuwa" (es ni ya ser, está ni ya estar), ndipo penye utamu. Ni daktari: es médico. Yuko nyumbani: está en casa. Yuko tayari: está listo, wakati es listo ni mwerevu. Halafu tazama -me- ya hali: amechoka, está cansado, amekaa, está sentado, mlango umefungwa, la puerta está cerrada. Wanafunzi hushangaa kwa nini maiti "está muerto" ilhali kifo hakitenguki. Sisi husema amekufa, basi, tumemaliza. Mtego uko kwenye "ni" yetu inayobeba hali za kupita: ni mgonjwa, chai ni ya moto. Huko ni está enfermo, el té está caliente. Mtego mwingine ni shughuli: sherehe iko kwangu, lakini la fiesta es en mi casa.

Njaa, kiu, usingizi na umri havihitaji hata maelezo: nina njaa, tengo hambre, nina miaka 20, tengo veinte años. Na gustar ni kupendeza, si kupenda: maembe yananipendeza, me gustan los mangos. Embe ndilo linaloongoza kitenzi, kwa hiyo "yo gusto los mangos" usiiandike kamwe.

Por na para ndizo zitakazokusumbua, maana "kwa" yetu imezimeza zote mbili. Trabajo para mi hermano: kaka yangu ndiye mwajiri wangu. Trabajo por mi hermano: namshikia zamu. Kabla ya kuchagua, jaribu kuweka "kwa sababu ya", "badala ya" au "kupitia". Ikikaa vizuri, ni por. Mlengwa, mwisho wa safari na siku ya kukabidhi kazi ni para: para ti, para Madrid, para el lunes. Bei iliyolipwa ni por: lo compré por veinte euros.