Mwaka Mmoja wa Kuandika Matangazo kwa Kujitegemea: Uliza Kwanza, Andika Baadaye

Nimetimiza mwaka tangu nianze kujitegemea kama mwandishi wa matangazo. Naandika kurasa za tovuti, maelezo ya bidhaa, barua pepe za kuuzia na vichwa vya matangazo. Wanaotaka kuingia kwenye kazi hii huniuliza zaidi kuhusu uandishi wenyewe: wasome nini, wajifunze mbinu zipi, waanze na sentensi ya namna gani. Jibu langu ni kwamba kwa mtu anayejua kuandika, riziki inategemea zaidi yale anayoyafanya kabla hajaandika neno la kwanza: amemuuliza mteja nini, na wameandikiana nini.

Nianze na maswali, maana hapo ndipo kazi ilipo.

Mteja wangu mmoja anatengeneza mabegi ya wanafunzi. Alinitumia maelezo aliyokuwa akiyatumia, "Mabegi bora, imara na ya kisasa kwa bei nafuu," akataka niyaboreshe. Nikamwomba tuzungumze kwanza kwa simu, nikamuuliza begi la mwanafunzi huanza kuharibika wapi. Hakusita. "Mkanda," alisema. "Hukatika pale juu uliposhonewa, kwa sababu watoto wanapenda kubeba begi kwa bega moja." Na yeye hufanyaje? Hapo hushona mara tatu, na kwa ndani huweka kipande cha turubai. Katika maelezo yake yote hakuwahi kuligusa jambo hilo, kwa kuwa kwake ni kazi ya kila siku. Kichwa cha ukurasa kikawa: "Mkanda ndio hukatika kwanza. Wetu tumeushona mara tatu." Hakuna neno la mapambo hata moja humo, lakini mzazi aliyelazimika kununua begi la pili kabla mwaka wa shule haujaisha anaelewa mara moja.

Mbinu hii ni ya zamani. Claude Hopkins, mwandishi wa matangazo wa Marekani aliyevuma mwanzoni mwa karne ya 20, alipopewa kazi ya kutangaza bia ya Schlitz alikwenda kwanza kiwandani. Huko akaonyeshwa, pamoja na mambo mengine, jinsi chupa zinavyosafishwa kwa mvuke. Akaambiwa viwanda vingine navyo hufanya hivyo hivyo. Hopkins akayaandika hayo hayo, kwa sababu wanywaji hawakuwa wameambiwa na yeyote. Mwenye bidhaa huwa ameizoea mno hata haoni tena kinachomvutia mgeni, na wewe mwandishi unalipwa kwa ajili ya macho yako ya ugeni.

Kwa hiyo sipokei kazi ya mteja asiye na muda wa kuzungumza nami. Namuuliza mnunuzi wake alikuwa akitumia nini kabla ya kumjua yeye, ni kitu gani humfanya asite dakika za mwisho, na akilalamika hulalamika kwa maneno gani. Kisha nasoma maoni ya wanunuzi, yake na ya washindani wake, nikinakili misemo kama ilivyo. Mnunuzi akiandika "nilichoka kurudisha", neno "nilichoka" lina nguvu kuliko chochote nitakachokibuni mezani. Na mteja akisema bidhaa yake ni bora kuliko zote, naomba ushahidi. Ukikosekana, sentensi hiyo siiandiki. Katika nchi nyingi sheria inakataza kumdanganya mlaji, na hata pasipo sheria, aliyedanganywa mara moja harudi.

Sasa pesa. Usitoze kwa neno. Kichwa kizuri cha tangazo kinaweza kuwa na maneno machache tu, na huenda kimekuchukua siku nzima ya kusoma na kufuta. Ukitoza kwa neno, unaadhibiwa kwa kuandika kwa ufupi. Kutoza kwa saa nako kunakuadhibu kadiri unavyozidi kuwa mwepesi. Mimi natoza kwa kazi nzima, na bei naitaja baada ya mazungumzo yale, nikishajua ukubwa wa mzigo. Unapopanga bei kumbuka kwamba sehemu kubwa ya wiki haina wa kuilipia: kutafuta wateja, kujibu barua, kuandaa ankara, kuweka hesabu za kodi. Mwenye kugawa mshahara wake wa zamani kwa saa za kazi na kuifanya hiyo ndiyo bei yake atafanya kazi sana na kubaki na kidogo.

Mkataba si lazima uwe mrefu. Wangu ni ukurasa mmoja, lakini hauachi haya: nitaandika nini hasa, nitakabidhi lini, mteja ana siku ngapi za kutoa maoni, na nani mwenye neno la mwisho upande wake. Hilo la mwisho msilidharau, kwani rasimu ikipitia kwa watu watano kila mmoja ataondoa kitu. Marekebisho ni awamu mbili, na nimeeleza kwamba kubadilisha wazo zima au walengwa ni kazi mpya yenye bei yake. Nusu ya malipo hutangulia. Haki ya kutumia maandishi inahamia kwa mteja akishamaliza kulipa. Yupo mteja aliyeisifu kazi kisha akanyamaza ankara ilipomfikia. Nilimwandikia barua fupi ya heshima nikimkumbusha kifungu hicho, na malipo yakaja wiki ile ile.

Usiwe na mteja mmoja anayebeba zaidi ya nusu ya kipato chako, hata kama ni mwema. Akiyumba, nawe umeyumba.

Mwaka huu wateja wengi pia wamekuja na maandishi yaliyotolewa na programu za akili mnemba, wakitaka niyanyooshe kwa bei ndogo. Sina ugomvi na programu hizo. Zinafaa kupanga mawazo na kukagua makosa. Ila hazikumpigia simu yule fundi wa mabegi, hazijui kuhusu turubai wala bega moja, basi zitakuandikia "bora, imara na ya kisasa" kwa sarufi safi. Mteja wa namna hiyo namwambia wazi kwamba bei yangu haibadiliki, kwa sababu maswali ni yale yale. Baadhi wanaondoka, na nawaacha waende kwa amani.

Jambo moja ambalo waandishi wengi hulisahau: ukishakabidhi, rudi baada ya mwezi mmoja umuulize mteja matokeo. Ni wangapi walifungua barua pepe, wangapi walibonyeza kitufe, wangapi walinunua, na kabla ya hapo hali ilikuwaje. Omba ruhusa ya kuzionyesha takwimu hizo kwa wateja wapya, na umwombe aandike sentensi mbili kuhusu kilichobadilika. Sehemu nzuri ya kazi zangu za nusu ya pili ya mwaka ilitokana na barua hizo za kuulizia, kwa sababu mteja akishafungua takwimu zake huona mwenyewe ukurasa mwingine unaohitaji kuandikwa upya.