Muulize Fundi: Dizeli Inagoma Asubuhi

SWALI: Fundi shikamoo, tuna Land Cruiser ya dizeli tumeigeuza nyumba, kitanda friji na jiko vyote ndani, sasa tukilala Ngorongoro kwenye ile baridi asubuhi unapiga stata weee ndo iwake, mchana haina shida. Ni nozeli? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Marahaba. Nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, ziache kwanza, utatoa hela nyingi bure. Mtu apige stata we angalia bomba la moshi: ukitoka moshi mweupe dizeli inafika ila haiungui, hapo pima glo plagi (zile zinazopasha joto injini kabla ya kuwaka) moja moja, na betri pia, maana friji ikinyonya betri ya stata usiku kucha, ile ya volti 12 asubuhi ikisoma 12.2 imebaki nusu tu, kwa hiyo friji itafutieni betri yake jamani. Moshi usipotoka kabisa, dizeli imerudi tenki, kuna hewa inaingia. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli mpaka iwe ngumu, ikiwaka hapohapo kagua mipira ya kupitisha dizeli na klipu zake toka tenki hadi filta, ufa mdogo usiovujisha hata tone unavuta hewa. Na legeza koki ya chini ya filta umwage maji, yakifika kwenye pampu ya dizeli ya injini yanaila.