Kabla hujang'oa injini ya kirikuu ukaweka mota ya umeme

Petroli ikipanda tu naanza kupokea meseji za aina moja, "mkuu hii gari yangu inaweza kugeuzwa ikawa ya umeme?" Inaweza. Karibu gari yoyote inaweza, hata ile Corolla ya mjomba iliyolala uani miaka yote. Ila mimi kabla sijaongelea mota wala betri huwa nauliza kitu kimoja, hiyo gari kwa siku inatembea kilomita ngapi na usiku inalala wapi. Ukishindwa kunijibu hapo basi tunywe chai tuongee mpira.

Nasema hivi kwa sababu kazi niliyoifanya mwenyewe na ninayoishi nayo ni Suzuki Carry, kirikuu yetu hii ya kusambazia maji ya chupa hapa Dar. Njia yake inajulikana, asubuhi inatoka na mzigo, inazunguka Sinza, Mwenge mpaka Tegeta huko, jioni inarudi nyumbani, haijawahi kuambiwa twende Singida. Gari ya namna hiyo ndo inafaa. Wewe unayeenda Moshi kila mwezi wa kumi na mbili na wiki nzima gari imepaki unapanda mwendokasi, utatoa hela nyingi ili uokoe hela kidogo, achana nayo.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme kirikuu inatembea kilomita 60 kwa siku na inakula lita moja kwa kilomita 13, hapo ni kama lita nne na nusu, na lita ikiwa 2,900 unaongelea elfu kumi na tatu hivi kila siku. Kwenye umeme kirikuu yenye mzigo inakula kama uniti 14 kwa kilomita 100, ongeza zinazopotea kwenye chaja, kwa hizo kilomita 60 weka uniti tisa na nusu, na luku ya kawaida uniti moja inacheza kwenye 356, jumla haifiki 3,500. Kwa hiyo unabakiza karibu elfu tisa na mia tano kwa siku, kwa siku 26 za kazi ni kama laki mbili na nusu kwa mwezi, milioni tatu kwa mwaka. Inanoga eeh? Sasa geuza upande wa pili, kazi yote, yani betri, mota, kontrola (kifaa kinachopimia mota umeme unapokanyaga pedeli), chaja, usafiri, ushuru na fundi, ikikusimamia milioni 12 basi ni miaka minne ndo hela inarudi. Na kirikuu yenyewe kuna watu wameinunua chini ya hapo! Kama hiyo miaka minne inakuuma, mfumo wa gesi unafungwa kwa hela ndogo zaidi, utavumilia foleni ya kujaza gesi tu. Na kama unachotaka ni gari ndogo ya kutembelea basi nunua Nissan Leaf yusdi iliyotoka kiwandani ikiwa ya umeme, usisumbue gereji za watu.

Hiyo Leaf ndo inawapoteza wengi. Fundi atakwambia tutafute Leaf iliyogongwa tutoe mota na betri tuweke kwenye yako, na kusema kweli kwa gari kubwa kidogo kama Escudo au pikapu ni wazo zuri, kwa sababu unapata mota ya kilowati 80, chaja na vifaa vyote vinavyoelewana, ila inunue nzima nzima na nyaya zake, usinunue mota kwa huyu na betri kwa yule. Kwa kirikuu hapana. Betri ya Leaf ile ya mwanzo ya kilowati-saa 24 (kilowati-saa moja ndo uniti moja ya luku) ina uzito wa karibu kilo 300, na kirikuu kwa sheria za Japani imetengenezwa kubeba kilo 350. Sasa ukishapakia betri, maji utapakia wapi, kichwani? (Najua sisi tunapakia hata kilo 700, springi ndo zinajua.) Halafu betri ya Leaf haina feni wala maji ya kuipooza, joto la Dar inalisikia lote. Ukienda kuiangalia usiridhike na vile vipau kumi na viwili vya kwenye dashibodi, tafuta kifaa cha OBD, kile kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake, weka programu ya LeafSpy kwenye simu usome afya ya betri kwa asilimia.

Mimi nilienda na seli za LFP, zile za chuma na fosfeti. Seli moja ni volti 3.2, ukiunga 45 unapata volti 144, na zikiwa za ampea-saa 100 ni kilowati-saa 14 na kitu. Seli moja ni kama kilo mbili, kwa hiyo zote ni kilo tisini, weka mia na boksi lake, na ukumbuke umeshatoa injini, rejeta, eksozi na tenki la mafuta. Zinakupa kama kilomita 80 bila kuzikausha kabisa, zinavumilia joto kuliko za aina nyingine, na hazipendi kulipuka hovyo. Seli zikifika zipime moja moja volti na ukinzani wa ndani kabla hujaziunga, kuna za daraja la pili zinauzwa kama mpya, na ukikuta ile alama ya kuskani imekwanguliwa jua kuna jambo. Nati za kuungia zikaze kwa kipimo maana nati iliyolegea inapata moto mpaka inayeyusha plastiki. Na BMS, yani kompyuta ya kulinda betri, usiifanyie ubahili, ndo inayoangalia kila seli na kukata chaja au mota mambo yakiharibika.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo watu wanaweza kufa. Volti 144 za betri sio sawa na betri ya gari ya volti 12 unayoshika kwa mkono mtupu. Na umeme wa betri ukikatika ghafla cheche yake haizimiki haraka kama ya umeme wa nyumbani, ule wa nyumbani unapita sifuri mara mia kwa sekunde, huu haupiti. Kwa hiyo nikikuta fundi kafunga breka ya ukutani kwenye gari huwa namwambia atoe palepale. Fyuzi na kontakta (swichi kubwa inayounga na kukata betri) ziwe za DC, yani za umeme wa betri, na zimeandikwa volti zaidi ya zile ulizonazo. Weka na plagi ya kukata betri katikati kabla ya mtu kugusa chochote, vaa glavu za umeme, vua pete na saa. Kuna na ile rezista ya kujaza kontrola taratibu kabla kontakta haijafunga, wengi wanairuka kwa kuwa gari inawaka bila hiyo, siku kontakta ikigandamana imefunga mtaelewana vizuri.

Vingine vinavyosahaulika ni vile vilivyokuwa vinaishi kwa mgongo wa injini. Altaneta haipo tena, unahitaji DC-DC, kifaa cha kushusha volti za betri kubwa, ya kuchaji betri ndogo ili taa, honi na waipa vifanye kazi. Busta ya breki ilikuwa inavutwa na injini, sasa lazima ufunge pampu ya vakyumu ya umeme, la sivyo utakanyaga breki kama unakanyaga jiwe. Kama una pawa stelingi ya mafuta nayo itataka pampu yake, ndo maana Land Cruiser za watalii kule Arusha zinazogeuzwa bei yake ni habari nyingine. Ila hizo nazikubali, mbugani gari inaenda polepole, usiku inalala kambini, na simba hasikii injini. Kenya, kampuni ya Opibus walianza na kazi hizo hizo 2017 kabla hawajageuka kuwa Roam wa pikipiki na mabasi ya umeme. Hita ya ndani usinunue, wewe uko Dar.

Giaboksi iache, tengenezesha pleti na kapla ya kuiunganisha na mota kwa mtu mwenye mashine ya lezi anayejua kupima, ikiwa imepinda hata kidogo itatetemeka mpaka beringi zife. Kuchaji usitumie soketi ya elfu tatu na ekstensheni, ampea kumi kwa saa tano mfululizo zinaiyeyusha, vuta waya wake kutoka mita na breka yake na ethi ya kweli. Na weka uniti za kutosha, luku ikikata saa nane usiku asubuhi wateja hawatakuelewa.

Nenda na TRA uulize kabla, kwa sababu kadi yako ina namba ya injini na inasema petroli, na kampuni ya bima nayo itataka kujua.

Injini uliyoitoa usikimbilie kuiuza kwa wauza spea wa Gerezani wiki hiyohiyo hata kama hela imekata. Ifunike uani mpaka masika yapite, gari ikishapita kwenye maji ya mafuriko pale Jangwani na boksi la betri likabaki kavu ndo uite mnunuzi.