Maswali ya Wasomaji: Upanga wa Kapteni Moroni, kwa Adui na kwa Ndugu

Barua tatu za toleo hili zinamhusu mtu mmoja, kwa hiyo tumeziweka pamoja. Kwa msomaji asiyemfahamu, Kapteni Moroni ni jemadari wa Wanefi katika Kitabu cha Mormoni, ambacho Joseph Smith alikichapisha mwaka 1830 huko Palmyra, jimbo la New York, na ambacho waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho wanakishika kuwa maandiko matakatifu pamoja na Biblia. Vita vyake dhidi ya Walamani, taifa hasimu la Wanefi, vinasimuliwa katika kitabu cha Alma, kuanzia sura ya 43 hadi ya 62. Asichanganywe na Moroni mwana wa Mormoni, aliyekuja karne nne baadaye. Si kazi ya safu hii kuamua kama vita hivyo vilipiganwa kweli. Tunamjadili mtu kama kitabu kinavyomwonyesha.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam kutoka Gulu. Ninafundisha Shule ya Jumapili katika tawi letu, na vijana wangu ni watoto wa watu walioishi kambini wakati wa vita. Tulisoma Alma 48, isemayo kwamba kama watu wote wangekuwa kama Moroni, nguvu za jehanamu zingetikiswa milele. Kijana mmoja akauliza: mbona mtu huyohuyo aliwaua raia wenzake waliokataa kushika silaha? Nisaidie nimjibu. — Mwalimu, Gulu

JIBU: Dada yangu, kijana huyo amesoma vizuri, na hapaswi kunyamazishwa kwa kusomewa tena aya ileile ya sifa. Aanze kwa kuuliza ni nani anayesifu. Anayesema ni Mormoni, mhariri wa kitabu, ambaye naye alikuwa jemadari: alikabidhiwa majeshi akiwa kijana wa miaka kumi na sita hivi, akafika mahali akakataa kuyaongoza kwa sababu askari wake walikuwa wakiapa kulipiza kisasi, kisha akarudi na kuliona taifa lake likiangamia mbele ya macho yake. Mtu wa namna hiyo akimtazama jemadari wa zamani ambaye hakufurahia kumwaga damu, si ajabu kalamu yake ikawaka. Hilo haliifanyi sifa kuwa uongo, bali linatuonyesha Mormoni alikuwa akitafuta nini kwa Moroni. Ushindi aliuona kwa wengi. Alichokitafuta ni jemadari anayeweza kusimamisha mauaji wakati adui yuko chini yake.

Uwezo huo unaonekana katika vita vya kwanza kabisa, kwenye Mto Sidoni, Moroni akiwa na umri wa miaka 25. Walamani wamezingirwa pande zote, wameshikwa na hofu, na Moroni anaamuru watu wake waache kupiga. Zerahemna, kiongozi wa upande wa pili, anakuja na kumkabidhi upanga, jambia na upinde, lakini anasema hawezi kuapa kiapo ambacho anajua yeye na watoto wake watakivunja. Jemadari mwingine angezichukua silaha hizo na kumfunga kamba. Moroni anamrudishia zote, na kumwambia kwamba basi wataimaliza vita. Zerahemna anamrukia kwa hasira. Askari mmoja wa Moroni anaupiga upanga wake unavunjika kwenye mpini, kisha anamkata ngozi ya kichwa, anaiokota kwa nywele, anaiweka kwenye ncha ya upanga na kuwanyooshea wenzake waione. Wengi wanatupa silaha, wanaapa, na wanaachiwa waende zao. Wanaobaki wanapigwa mpaka Zerahemna mwenyewe anapolia kuomba agano, na Moroni anasimamisha mauaji kwa mara ya pili siku hiyohiyo. Hakuna mateka aliyechinjwa baada ya kuapa.

Mlinganishe huyo na Moroni wa sura ya 54, anayemwandikia Amoroni, mfalme wa Walamani, juu ya kubadilishana mateka. Humo anamwita mwana wa jehanamu, anatishia kuwapa silaha wanawake na watoto, na kuapa kumfuata hadi nchini kwake, damu kwa damu, mpaka Walamani wafutike duniani. Ukiishia hapo utadhani ni mtu wa kuangamiza. Fungua sura inayofuata: walinzi wa Walamani katika mji wa Gidi wamelala kwa ulevi, mateka wa Kinefi wamerushiwa silaha kimyakimya juu ya ukuta, na Moroni angeweza kuwamaliza walinzi wote usingizini. Anangoja kuche, waamke, waone wamezingirwa, wasalimu amri. Mormoni anatua hapo kusema wazi kwamba kuwaua walevi hakukuwa nia yake. Kwa adui wa nje, basi, mdomo wa Moroni ni mkali na mkono wake ni mwepesi wa kusamehe.

Kwa ndugu zake mambo yanageuka, na hapo ndipo swali la kijana wako linapouma. Katika sura ya 46, wafuasi wa Amalikia, Mnefi aliyetaka kuwa mfalme, waliokamatwa na kukataa agano la uhuru waliuawa. Katika sura ya 51, kundi lililotaka kumwondoa mwamuzi mkuu, yaani mtawala wa Wanefi, na kusimamisha mfalme lilikataa kupigana Walamani walipoingia nchini. Tena kitabu kinasema lilifurahi moyoni kusikia wanakuja. Moroni aliomba kibali kwa mtawala, sauti ya watu ikakubali, na waasi elfu nne wakakatwa kwa upanga. Viongozi waliobaki walitupwa gerezani bila kuhukumiwa, kwa kuwa, kinasema kitabu, hapakuwa na nafasi ya kesi wakati ule. Waliosalimu amri walilazimishwa kupandisha bendera ya uhuru kwenye minara yao na kushika silaha.

Kwa nini mkono huo uwe mzito zaidi nyumbani? Nionavyo mimi, Moroni aliishi ndani ya methali yetu isemayo kikulacho ki nguoni mwako. Makapteni wakuu wa Zerahemna walikuwa wa jamii zilizojitenga na Wanefi. Amalikia alikuwa Mnefi aliyekimbilia kwa Walamani, akamuua mfalme wao kwa hila na kuwasukuma vitani. Amoroni ni ndugu yake. Kila jeshi lililovuka mpaka lilikuwa na Mnefi nyuma yake, na jemadari aliyeona hivyo mara tatu mfululizo anaanza kumwogopa jirani kuliko mgeni.

Hata hivyo, mwambie kijana kwamba kosa la wale watu lilizidi kutoshika silaha. Kulikuwa na watu wa Amoni, Walamani walioongoka na kuzika silaha zao ardhini, ambao waliapa kutomwaga damu tena. Hao hawakulazimishwa. Wanefi waliwapa nchi ya Yershoni na kuwalinda, nao walitoa chakula na mali kulisha jeshi. Huruma ilipowasukuma kutaka kuvunja kiapo chao waende vitani, ni Helamani, mwana wa nabii Alma, aliyewazuia, na wakaenda wana wao waliokuwa hawajaapa. Kwa hiyo mtu wa amani alikuwa na mahali katika nchi ile ya Moroni. Mtu aliyengoja adui ampe kiti cha enzi hakuwa na mahali.

Utetezi huo una nguvu, lakini kwangu haumalizi kazi. Sura ya 62 inaweka mambo mawili karibu sana, na sidhani Mormoni aliyaweka bila kujua. Mwanzoni mwake, waasi waliounyakua mji mkuu na wale wa gerezani wanahukumiwa kwa mujibu wa sheria, na wanaokataa kuitetea nchi wanauawa. Aya chache mbele, Walamani wapatao elfu nne waliotekwa njiani wanaapa kutopigana tena, na wanapelekwa kuishi na watu wa Amoni. Idadi ileile ya ndugu waliokatwa katika sura ya 51 ndiyo idadi ya maadui wanaopewa mashamba. Hapa Uganda, Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 ilimtaka aliyetoka msituni akane uasi na kukabidhi silaha, ndipo apokewe. Sharti hilo linafanana sana na lile alilopewa Zerahemna, ila sisi tulilitoa kwa watoto wa nchi yetu wenyewe. Wazazi wa wanafunzi wako wanajua gharama yake kuliko mimi. Kijana akisema kwamba katika jambo hili Moroni alimhurumia mgeni kuliko ndugu, hajakosea, na sioni aya inayomtaka afikiri vingine. Sifa ya Alma 48 inahusu moyo usiofurahia damu. Haisemi kwamba kila hukumu iliyotolewa wakati wa vita ni kielelezo cha kuigwa.

SWALI: Mhariri, mimi ni askari mstaafu, ninaishi Bombo. Katika Alma 60 Moroni anamwandikia mwamuzi mkuu Pahorani barua ya matusi na kutishia kumwendea kwa upanga. Jeshini barua kama hiyo ni uasi. Tena anadai Bwana ndiye aliyemwambia. Tunawezaje kumwita mtu wa Mungu ilhali alimshutumu mtu asiye na hatia? — Mzee wa Bombo

JIBU: Mzee wangu, kwa kipimo cha jeshi lolote barua hiyo ni uasi, na heri umesema wewe uliyevaa sare. Moroni anawaandikia watawala kwamba wamekaa kwenye viti vyao kama watu waliopumbaa huku maelfu wakianguka, na kwamba chombo kisafishwe ndani kwanza, ndipo nje. Jeshi lake lilikuwa na njaa, mji wa Nefiha umepotea kwa kukosa msaada, naye hakuwa na habari za mji mkuu. Pahorani alikuwa amefukuzwa na wapinzani wake, amejificha Gideoni akikusanya watu. Shutuma ilikuwa ya uongo kabisa kwa mtu aliyeandikiwa.

Kuhusu dai la ufunuo, wako wanaosema Bwana alisema kweli, kwa kuwa waliokuwa wakitawala mji mkuu wakati ule walikuwa waovu, ila Moroni alikosea jina la mtu. Maelezo hayo yanavutia, lakini yana ufa, kwani aya ya 33 inazungumzia watawala ambao watu wamewachagua, na wale wanyang'anyi wa madaraka hawakuchaguliwa na umma. Mimi naona ni salama zaidi kusema kwamba alielewa sawasawa alipotakiwa kwenda, na hakuelewa atamkuta nani. Mtu anaweza kusikia wito wa kweli na kuujaza kwa dhana zake mwenyewe. Manabii wa Biblia nao hawakukingwa na hilo. Nathani alimruhusu Daudi ajenge hekalu, na usiku uleule akatumwa kurudi kumwambia hapana.

Kitabu hakituonyeshi Moroni akiomba radhi. Kinaeleza tu kwamba alipopokea jibu moyo wake ulijaa furaha kwa uaminifu wa Pahorani, na pia ukajaa huzuni kwa ajili ya waasi. Ukuu wa sura hizo uko kwa Pahorani, anayejibu kwamba ameshutumiwa lakini si kitu, hana hasira, anafurahia ukubwa wa moyo wa mwandishi. Kisha anakiri kwamba alikuwa na wasiwasi kama ni haki kuwaendea wale wanyang'anyi, na kumkaribisha waungane. Moroni anaacha jeshi lake kuu chini ya wasaidizi wake, anaenda na watu wachache, anapandisha bendera ya uhuru kila anapopita, na kumrudisha Pahorani kwenye kiti chake. Na hapa mstaafu kama wewe atapima mwenyewe: mtu huyu alikuwa na jeshi mkononi, mji mkuu mbele yake, na mwamuzi aliyekuwa mkimbizi. Vita vilipokwisha alimkabidhi mwanawe Moroniha majeshi, akarudi nyumbani kwake, na baada ya miaka michache akafa akiwa na umri wa miaka 43 hivi. Afrika tumewaona makamanda wengi waliofika mji mkuu kwa sababu njema na wasiondoke.

SWALI: Kama Moroni alikuwa na imani, ngao na wapelelezi vilikuwa vya nini? Na hila je, si dhambi? — Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu yangu, ukiwa Jinja umesikia wazee wakisimulia mwaka 1987, wakati wafuasi wa Alice Lakwena, kiongozi wa waasi kutoka kaskazini, walipofika karibu na mji wenu wakiwa wamepakwa mafuta ya shea ili risasi zisiwadhuru, na jinsi safari yao ilivyokomea hapo. Moroni ni kinyume cha mafundisho hayo. Anawavika watu wake ngao za kifuani, za mikono na za kichwa, pamoja na nguo nene; anatuma wapelelezi kuitazama kambi ya adui, na papo hapo anatuma watu kwa nabii Alma amwulize Bwana adui anaelekea wapi. Walamani wanapokuja tena wakiwa nao wamejitengenezea ngao, wanakuta miji imezungushiwa maboma ya udongo. Mjini Nuhu zaidi ya elfu moja wao wanakufa bila Mnefi hata mmoja kuuawa, na hamsini hivi tu wanajeruhiwa. Hata wale wana wa watu wa Amoni, waliopigana chini ya Helamani na ambao hakuna aliyekufa kati yao, kitabu kinasema wazi kwamba kila mmoja alipata majeraha mengi.

Juu ya hila, Alma 43:30 inasema Moroni hakuiona kuwa dhambi kwa kuwa lengo lilikuwa kulinda nchi na watu. Mimi nakubaliana nayo. Kinachonitatiza kiko mwishoni mwa sura ya 55, baada ya Gidi, wakati Walamani wanajaribu kulipa kwa divai yenye sumu, na Wanefi wanaionja kwanza kwa vinywa vya mateka wao Walamani, wakihesabu kwamba kikimdhuru Mlamani kitamdhuru na Mnefi. Kitabu hakisemi ni Moroni aliyeamuru, na safari hii Mormoni haongezi neno la kumsifu Moroni.