Kwa vijana wanaoanza kulinda avenyu usiku

Wadogo zangu mnaoanza ulinzi wa usiku hapa Katuba, jijini Lubumbashi, Kongo, karibuni. Shefu wa kartye, kiongozi wa mtaa wetu, amewapa zamu zenu; mimi nawapa yale ambayo usiku wenyewe umetufundisha.

Silaha yenu ni filimbi. Majambazi wa Lubumbashi mara nyingine huja na bunduki, na kijana anayewatokea mbele na panga anaweza kuzikwa kesho yake. Ukiwaona, jibanze nyuma ya ukuta, upige filimbi. Paseli (kiwanja chenye nyumba) ya jirani iitikie kwa kugonga sufuria, na inayofuata hivyo hivyo, mpaka avenyu nzima ilie. Wamama wafundishwe kwanza, maana mara nyingi wao ndio wanaosikia geti likiguswa. Namba za polisi ziandikwe pia ukutani, kwa sababu simu ndiyo huibwa mwanzo.

Mchana jueni watu: nani amehamia, nani hurudi saa nane usiku kutoka zamu ya mgodini. Mkimkuta njiani, msalimieni kwanza, tochi ikielekezwa chini. Na msimwombe mpita njia hata franka 500. Siku mtakapoanza kutoza watu, filimbi yenu itaanza kuogopwa kuliko mwizi.

Linalonikosesha usingizi ni pale mtu anapokamatwa. Sheria inamruhusu raia yeyote kumshika aliyefumaniwa akiiba, mradi ampeleke mara moja kwa mwenye mamlaka aliye karibu. Kumfungia, kumchapa, hapana. Lakini dakika chache tu, kundi limejaa, mtu anaulizia tairi, mwingine petroli. Hapo wawili wamshike mikono, wengine wamzunguke wakiwatazama watu, na muanze kutembea papo hapo. Msisimame kujibu maswali, maana mkisimama ndipo kundi linapoongezeka. Aliyechomwa hatasema nani alimwelekeza nyumba ile, wala nani hununua televisheni za wizi. Na huenda ni mlevi aliyekosea geti, au mgonjwa wa akili ambaye mama yake anamtafuta tangu jioni. Maisha yake yako mikononi mwenu mpaka mlango wa polisi.

Halafu siku ya tatu mtamwona sokoni, na watu watapiga kelele kwamba polisi wamemwuza mwizi. Rushwa ipo, sikatai. Ila Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 18, hairuhusu polisi kumshikilia mtu zaidi ya saa 48 bila kumkabidhi kwa mamlaka ya kimahakama inayohusika, la sivyo aachiwe, na mara nyingi aliyeibiwa hakwenda kabisa kutoa maelezo. Anaogopa kisasi, anaogopa kuombwa pesa, au amechoka tu. Basi asubuhi ile ile msindikizeni, na shahidi mmoja, na orodha ya vitu vilivyochukuliwa, na fakture, yaani risiti za kununulia, kama anazo. Kila zamu ichague mtu wa kuondoka mapema akalale, ili asubuhi awe na nguvu za kumsindikiza na kukaa naye mpaka maelezo yaandikwe na kutiwa sahihi.