Dhihaka Yenye Ushahidi: Tulivyokifanya Kiwanda Kitujibu

Kijana mmoja wa Morogoro ameniandikia akiuliza tuliwezaje kukifanya kiwanda cha mtaani kwetu kizungumze. Kwa miaka tulipeleka barua, tukaambiwa "zinafanyiwa kazi", huku majitaka yakitiririka mferejini nyuma ya nyumba zetu. Tulipotoa video ya dakika moja, meneja mwenyewe alipiga simu.

Lilikuwa tangazo la manukato. Mwenzetu alivaa suti, akasimama kando ya mfereji na kusifia "harufu mpya inayokufikia hadi kitandani, bila malipo". Mama zetu waliivumilia harufu ile tangu sisi wadogo. Walicheka hadi machozi, wakaisambaza kwenye magrupu yote ya WhatsApp. Wapo majirani waliotuita wachekeshaji wasio na kazi. Leo majitaka yanapita kwenye bwawa la kutibia, nao wanapita pale kimya, hajaja hata mmoja kusema ahsante. Inaniuma mpaka sasa.

Njia hii niliiona kwa Yes Men, kundi la wanaharakati wa Marekani wanaoyafanyia mzaha makampuni makubwa. Tarehe 3 Desemba 2004, miaka 20 tangu gesi ya kiwanda cha Union Carbide iue maelfu ya watu Bhopal, India, mmoja wao, Jacques Servin, alitokea kwenye runinga ya BBC World akijifanya msemaji wa Dow, kampuni iliyoinunua Union Carbide mwaka 2001. Akatangaza fidia ya dola bilioni 12. Hisa za Dow zikashuka, na siku ile ile kampuni ikalazimika kukanusha mbele ya dunia nzima kwamba italipa.

Lakini watu wa Bhopal nao waliisikia habari ile njema kabla haijakanushwa. Hapo mimi nawakatalia Yes Men: aliyeumizwa asidanganywe, hata kwa saa moja. Tena hapa Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kuchapisha taarifa za uongo. Usijifanye msemaji wa mtu. Buni bidhaa ambayo hata mtoto ataona ni mzaha, ila mfereji, uvundo na tarehe za barua viwe vya kweli.

Usimcheke mlinzi wa getini wala kibarua wa mashine, hao ni ndugu zetu. Mcheke anayetia saini. Tena mcheke ukiwa na nakala za barua zako, zilizogongwa mhuri wa kupokelewa. Wakili wa kiwanda alipotuuliza tuna ushahidi gani, tulizitandaza mezani moja moja.